Bwana ya Pasteur

Kama mji wa Kamina ungekuwa na medali ya mwanaume anayejivunia mke wake, Gaston Umba angeivaa hata akioga. Huyu ni chef kwenye reli: ndiye anayeongoza kundi la vibarua wanaobadilisha mataruma njiani, na akipaza sauti, wanaume wazima huinama pamoja na kuinua chuma. Lakini muulize habari za kazi yake, atakujibu habari za Séphora. "Bibi yangu iko pasteur," atasema, yaani mke wake ni mchungaji, hata kama ulimuuliza saa tu. "Si bibi ya pasteur, sikia muzuri. Yeye mwenyewe njo pasteur!"

Kila Jumapili aliwakokota vibarua wake hadi kanisa la Wamethodisti, hata wale Wakatoliki, akaketi nao benchi la mbele. Séphora akipandisha sauti kule mimbarini, Gaston alimchoma rafiki yake Nicodème kwa kiwiko. "Unasikia? Ile sauti njo inaniamushaka asubui." Nicodème, fundi wa reli aliyekua naye tangu utoto, alikuwa amechoka na kiwiko kile, maskini, lakini utamwambia nini mtu mwenye furaha?

Bon. Fahari ya namna hiyo ni nyepesi, maana haikumwomba Gaston kitu chochote. Séphora alikuwa msaidizi tu wa mchungaji mkubwa wa mjini. Alihubiri, akarudi nyumbani, na maisha yakaendelea palepale. Mwaka huu ndipo mambo yalipogeuka.

Katika kanisa lao mchungaji hachagui pa kwenda. Mkutano mkuu wa mwaka ukifika mwisho, majina husomwa mbele ya watu wote: fulani Kaniama, fulani Kabongo, na fulani anafunga virago. Mke hufuata. Mke huyo huitwa mama pasteur, na siku ya majina yeye ndiye anayebeba joho la mumewe na kumvika mbele ya kanisa. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza mama pasteur hata mmoja kama ana kazi yake anayoipenda.

Surintendant, mkubwa wa wachungaji wa wilaya, alifika nyumbani kwa Gaston kabla ya mkutano. Akaketi, akanywa maji, akasema: "Mama Séphora, jina yako itasomwa. Utachunga kanisa ya Kinkondja."

Gaston aliruka kitini kwa furaha kabla mke wake hajafungua mdomo. Kanisa zima! Si msaidizi tena! Ndipo mgeni akamgeukia yeye.

"Baba Gaston, bakristo ba kule banauliza neno moja. Nyumba muzima inakuya, ao nusu? Kama ni nusu, tutatuma mwingine, na Mama atabakia musaidizi hapa."

Kinkondja! Kule ni ziwa, mitumbwi na samaki walioanikwa. Baiskeli utaziona, lakini reli? Hata msumari wake mmoja hutauokota. Gaston aliketi tena polepole, na furaha yote ikamkauka.

Mgeni alipoondoka, alimgeukia mkewe. "Séphora, minyi niko chef. Kule nitakuwa nani?"

"Utakuwa Gaston."

"Gaston wa kufanya nini? Wa kuanika samaki?"

Séphora hakulia wala hakubembeleza. Tangu awekewe mikono alikuwa akingojea kanisa lake mwenyewe, na Gaston alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwani yeye ndiye aliyemkataza kuacha masomo ya uchungaji alipokata tamaa. "Sitakukokota," akasema Séphora. "Lakini bantu ba Mungu, sitabadanganya. Siku ya majina nitapita mbele na joho yangu ku mukono. Ukikuya, utakuya. Usipokuya, nitasema niko peke yangu, na batume mwingine."

Kamina haifichi neno. Kesho yake kazini Nicodème alimpokea kwa kuvua kofia. "Habari ya asubui, mama pasteur! Na kitambaa ya kichwa, ulishanunua?" Vibarua wakashika mbavu. Gaston naye alicheka, kicheko cha meno tu, moyoni anachemka. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe alitamani Séphora angekuwa mshonaji, auze nguo zake sokoni, basi. Wazo hilo lilipompitia kichwani aliona haya, akawafokea vibarua bila sababu.

Alipotoka kazini alipita kwa mama yake, Mama Jeannine, akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Alimkuta uani akichekecha unga wa bukari, yaani ugali. Akamwaga yaliyo moyoni, kisha akauliza: "Mama, kweli mwanaume anafuataka bibi?"

Mama Jeannine hakuacha kuchekecha. "Baba yako alikuwa nani hapa Kamina?"

"Chef. Kama minyi."

"Na minyi nilikuwa nani ku Kabongo, mbele ya kunioa?"

Ee Vidye, Mungu wangu! Gaston, mtu mzima na ndevu zake, hakuwahi kumuuliza mama yake jambo hilo.

"Nilikuwa mwalimu," akasema Mama Jeannine. "Batoto balikuwa bananiita Mademoiselle. Nikipita, barabara yote inasalimia. Kiisha reli ikatuma baba yako huku, nikaacha batoto na ubao, nikapanda train nyuma yake. Kamina bakaniita bibi ya chef. Nilikufwa?"

"Hapana, mama."

"Baba yako naye alikuwa ananisifu mbele ya bantu, kama vile weye unasifuka wako. Sifa ni muzuri, mwana yangu. Lakini sifa haibebake muzigo ya muntu. Sasa toka apo, unanizibia mwangaza."

Gaston alitoka bila jibu alilolitaka, akiwa na lile asilolitaka.

Siku ya majina kanisa lilifurika. Mama pasteur wote walipanga mstari ukutani, wamevaa kitenge cha aina moja, kila mmoja na joho la mumewe mkononi. Gaston aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, pembeni ya Nicodème. Tusimpambe: alikuwa bado hajui atafanya nini. Jina likisomwa, surintendant anauliza, "Nani anatuletea huyu muchungaji?" na mke anajibu, "Ni minyi, bibi yake," anamvika mumewe joho, watu wanapiga makofi.

"Kinkondja," akasoma surintendant. "Muchungaji Séphora Kapinga."

Séphora akapita katikati ya kanisa, joho lake amelikunja kwenye mkono wake mwenyewe, shingo wima. Gaston alikitazama kisogo kile na kifua kikamjaa, maana kweli, ni nani mwingine mjini mwenye mke anayetembea vile?

"Nani anatuletea huyu muchungaji?"

Séphora akafungua mdomo kujibu. Kwenye benchi lililo mbele ya Gaston, mama mmoja akamnong'oneza jirani yake: "Maskini. Hana bwana."

Hana bwana! Na Gaston ameketi pale, mzima wa afya, viatu vimepigwa rangi vinang'aa! Wako watakaosema ni Roho Mtakatifu aliyemwinua, lakini tusimsingizie utakatifu. Kilichomwinua ni kiburi, kile chema, cha mtu asiyevumilia mke wake ahurumiwe na watu.

"Bwana yake iko!" akapaza sauti yake ya reli. "Iko huku!"

Kanisa zima likageuka. Gaston akashika njia ya katikati, na kicheko kikaanza upande wa vijana, kikaenea benchi hadi benchi. Hakuinamisha kichwa. Alifika mbele, akalichukua joho mkononi mwa mkewe, akalikunjua. Surintendant, ambaye kitabu chake hakikuwa na maneno ya jambo kama hili, akarudia lile alilokuwa nalo: "Nani anatuletea huyu muchungaji?"

"Ni minyi, Gaston Umba. Kufika leo chef wa reli. Kuanzia leo, bwana ya pasteur. Na mwenye kutaka kucheka, acheke yote sasa hivi, juu Kinkondja iko mbali, hatutamusikia!"

Hapo kanisa lilipasuka, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka rangi, na vigelegele vya wamama vikakimeza. Gaston akamvika Séphora joho. Mikono iliyozoea vyuma ikahangaika na vifungo vile vidogo, na Séphora hakumsaidia hata kimoja, machozi yanamtiririka mashavuni.

"Unachelewesha bakristo," akamnong'oneza.

"Nyamaza, Pasteur."

Alikuwa amemwita hivyo mbele ya Kamina nzima, kwa majirani, kwa vibarua, kwa wauza mandazi. Yeye mwenyewe, ana kwa ana, hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Séphora akamtazama kama anayesikia jina lake likisomwa sasa tu.

Ukutani, mama pasteur aliye mzee kuliko wote alisogea akaacha nafasi. "Simama apa, ndugu yetu," akasema. Gaston akajipanga kati yao, kifua mbele, na wimbo ulipoanza, sauti yake nene ndiyo iliyosikika chini ya sauti za wanawake wote.