Gitaa la Plasta

"Hata ulipake rangi, Mama Yonas, bado lina plasta," alisema Polikarp. "Watu watadhani kwaya yetu ni ya majeruhi."

"Plasta imeshika ufa. Sauti haina shida."

"Lakini inaonekana! Video ni kitu cha kuonekana!"

Luciana, ndiye Mama Yonas, alilivuta gitaa lake karibu. Walikuwa wamefika Mollo tangu asubuhi, kwaya nzima ya kigango, na sare zao mpya za kijani, wakapangwa juu ya mwamba mpana katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Upepo wa Julai, ule wa Ufipa usiojali umevaa sweta ngapi, ulikuwa ukichakarisha mabua. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Nyimbo zilisharekodiwa studio Mbeya. Sasa zilipigwa kwenye spika, wao wakachezesha midomo mbele ya kamera ya Christopha. Ndipo Polikarp, mwenyekiti wa kwaya, alipomletea gitaa jekundu la umeme, la kuazima, lisilo na waya wala mahali pa kuuchomeka, akamwambia aliweke chini lile lake.

Lile lake lilikuwa gitaa kavu, la kahawia, limechubuka pale mkono wa kulia unapolala. Nyumbani Majengo, nyuma ya duka lake la pembejeo, alikuwa na mengine mawili, moja jipya kabisa, zawadi ya kaka yake. Aliyashika mara mojamoja, kama mtu anavyompakata mtoto wa jirani: vizuri, lakini kwa muda. Hili ndilo alilopiga kila jioni maharage yakichemka. Ndilo alilokwenda nalo Mbeya.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Studio walinirekodi na hili hili. Mtu akisikia gitaa kavu huku anaona la umeme, si atacheka?"

Polikarp akatazama viatu vyake. "Hatasikia."

"Hatasikia nini?"

"Fundi alisema linakwaruza. Vidole vinasikika vikitembea kwenye nyuzi. Akaweka kinanda."

"Wimbo gani?"

"Zote, mama."

"Na wewe ulijua."

"Tulikubaliana usiambiwe mpaka tumalize. Ungenuna."

Bertilla, mwimbaji wa sauti ya pili na shoga yake Luciana, akaguna. "Mlikubaliana wewe na nani? Mimi usinitie kwenye kapu lako."

Christopha akawasha spika, pengine kuwanyamazisha. Wimbo ukaanza. Luciana akasikiliza. Pale penye utangulizi wake, alioutafuta msimu mzima wa mvua mpaka ukakaa sawa, kinanda kilikuwa kikilia kama simu ya mtu iliyosahaulika mezani. Alisubiri hasira ije. Haikuja. Akasubiri hata machozi. Hakuna. Kifuani palikuwa kama mdomo uliotoka kung'olewa jino, ganzi haijaisha: ulimi unajua kuna pengo, lakini hapaumi.

"Mama, shika tu hilo jekundu," Christopha alisema kwa upole. "Jua linatukimbia. Unachezesha vidole kidogo, nakupiga kwa mbali."

"Nikikosea, kuna atakayejua?"

"Nani ajue? Hata usipoujua wimbo."

Luciana akatikisa kichwa kukubali. Akalichukua gitaa jekundu, akamvisha Bertilla mkanda wake begani.

"Weee! Mimi? Sijui hata lina nyuzi ngapi!"

"Sita. Hazilii. Wewe tabasamu."

"Usitufanyie hivyo, Mama Yonas," alisema Polikarp. "Mpigaji ni wewe."

"Kwenye wimbo simo, Mwenyekiti. Na kwenye picha sitakuwemo."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo sauti aliyomwambia nayo mteja kwamba mbolea imekwisha. Alilifunga gitaa lake kwenye khanga, akalibeba mgongoni, akashuka mwamba taratibu, maana viatu vya sare vilikuwa vinateleza. Nyuma yake Polikarp aliita, akaita tena. Kisha spika ikaanza upya, na sauti za wenzake, zile za Mbeya, zikamfuata katikati ya mabua.

Barabarani alisimamisha bodaboda.

"Majengo," akasema, akapanda.