Baruti Mbili Juu ya Kigae

Mimi ni fundi wa magobore, na ulimi wangu ni mwepesi kuliko mikono yangu. Juzi mchuuzi mmoja aliniletea kopo la baruti mpya, akaapa kwamba inaizidi ile nyeusi tuliyoizoea. Desturi ya karakana yetu ni kulinganisha kwanza. Unaweka chembe chache za kila baruti juu ya kigae, unazichoma, unatazama moto, moshi na masizi. Baba mkwe ndiye aliyenifundisha. Lakini siku hiyo kazi zilinizonga, nikaisugua vidoleni tu, nikainusa na kujifanya mjuzi.

Jioni mume wangu aliuliza, "Uliichoma?"

"Kwani umeanza kunijua leo?" nikamjibu. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii kichwa chenyewe hakikuwa changu.

Asubuhi alijaza pembe yake ya kubebea baruti kutoka kwenye kopo lile, akaenda kuvizia nguruwe pori wanaotumalizia mahindi. Saa nne nikapata nafasi, nikazichoma zote mbili. Ya zamani ililipuka fuu, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya yai viza, ikaacha masizi. Mpya iliwaka polepole kwa moto wa manjano, na kigae kikabaki safi. Ile ilikuwa baruti ya bunduki za kisasa. Ukiitia kwenye gobore kwa kipimo kilekile, mtutu hupasuka usoni mwa mpigaji.

Nilipiga simu. Ikalia palepale mezani, kaisahau. Nikatoka mbio.

Nilimwona ukingoni mwa shamba amepiga goti, gobore begani, nyundo imeshavutwa. Nguruwe watatu walikuwa hatua thelathini mbele yake. Nilifungua mdomo, nikaufumba. Mtu akishtuka, kidole hukaza. Niliogopa kupiga kelele, niliogopa kunyamaza, hata kuhema niliogopa. Nikapenya pembeni kati ya mahindi, nikatokea mbele ya mtutu, mikono juu.

Nguruwe walitimka.

"Wewe mwanamke una wazimu?" alifoka. "Ningekuua!"

"Toa kidole, baba watoto. Taratibu. Sasa teremsha nyundo. Baruti siyo, huo mtutu utapasuka."

Dole gumba lake lilikuwa na jasho, nililiona likiteleza kidogo kisha likashika. Nilijikuta namwomba Mungu kwa sauti. Nyundo ikashuka. Akabandua fataki ya kuwashia baruti, akailaza bunduki majanini, akarudi nyuma. Nilimimina chupa yake yote ya maji ndani ya mtutu, kisha nikakaa chini.

"Si uliichoma?" aliuliza.

"Sikuichoma. Nilikudanganya."

Nilingoja matusi. Heri angenitukana.

"Nguruwe wenyewe wakubwa," alisema polepole, "nikatia vipimo viwili. Nilijua wewe umeshaipima."

Nilitaka kumshika mkono. Aliuficha nyuma ya mgongo.

"Ibebe mwenyewe," akasema, akionyesha bunduki kwa kidevu.

Niliibeba. Hadi nyumbani alitembea nyuma yangu hatua ishirini, na kila nilipogeuka kumtazama, alisimama.