Kunguru Dirishani kwa Mgonjwa

Bwana Picha alikuwa amepiga picha za maharusi mpaka wakamtoka puani. Kila Jumamosi ni tabasamu zile zile, keki ile ile, na shangazi yule yule anayejipenyeza mbele ya kamera na mkoba wake. Aliposikia kuna mashindano ya picha za ndege wa porini, tena picha za maisha yao machungu yasiyopambwa, alijiona kazaliwa upya. Alinunua fulana yenye mifuko mingi, akaacha kunyoa ndevu, akaanza kutamka neno "asili" kwa sauti nzito utadhani ni jamaa yake wa karibu.

Ila porini hakuwa mtu wa kwenda. Kule kuna mbu, kuna miiba, na mgongo wake haupendi kulala chini. Bahati ikamwangukia pale mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Akalazwa kwa mama yao, chumba cha ghorofani, plasta mpaka pajani. Nje ya dirisha la chumba hicho, kwenye mti wa uani, tetere, njiwa mdogo wa porini, alikuwa ametaga.

"Mwanangu ana moyo," mama aliwaambia majirani. "Haipiti siku hajaja kumwona mgonjwa."

Kuja alikuja, hilo hatumdhulumu. Alisukuma kitanda cha mgonjwa ukutani ili kamera na miguu yake mitatu ipate nafasi, akanywa uji wa mgonjwa kwa sababu njaa humtetemesha mkono, na akamkataza mgonjwa kukohoa. Dada hakulalamika. Makinda wawili walikuwa wameshaanguliwa, uchi, wabaya wa sura, naye aliwapenda sana. Kila asubuhi aliwasalimia kama watoto wake wa darasani, na siku ambazo mguu ulimuuma kupita kiasi, kuwatazama wakilishwa ndiyo ilikuwa dawa yake.

"Hawa mbona kazi yao kula na kulala tu?" Bwana Picha alinung'unika. "Hakuna ukatili wowote hapa. Majaji watasinzia."

"Si ndiyo vizuri, kaka?"

"Vizuri kwako. Mimi natafuta ukweli."

Ukweli, alijiambia, umejificha nyuma ya majani. Kesho yake alikuja na mkasi wa bustani, akanyoosha mkono dirishani, akapunguza vitawi upande huu, kisha upande ule, mpaka kiota kikabaki peupe kama sahani mezani. Dada akamuuliza anafanya nini.

"Wapate hewa," alijibu, macho makavu.

Sasa, kunguru si mjinga. Siku zote alikuwa akipita juu ya mti ule bila kujua mna nini ndani. Alipoandaliwa meza, akaja. Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Tetere alipiga mabawa, akadonoa, akasukumwa kando, maana hakuwa na silaha ya kushindana na mdomo ule. Kumfukuza kunguru kulitaka kofi moja tu kwenye kioo. Dada alipiga kelele, akajaribu kushuka kitandani mwenyewe, akaanguka sakafuni pamoja na shuka.

"Kanuni za mashindano haziruhusu kuingilia asili," Bwana Picha alimwambia alipokuja kumwinua baada ya kupiga picha ya mwisho. Kiota kilikuwa kitupu. Tangu siku ile dada hakumsemesha tena. Mama akamjia juu binti yake: mtu kakuuguza kwa moyo wote, halafu unamnunia!

Picha ya kunguru kiotani ikashinda. Ikatundikwa ukumbini, kubwa kama mlango. Mama alivaa nguo yake mpya akaketi mstari wa mbele, dada akaketi pembeni yake na magongo. Bwana Picha akapanda jukwaani na fulana yake ya mifuko.

"Mpiga picha wa kweli ni shahidi tu," alisema akijipiga kifua. "Moyo uliniuma, lakini nilikaa kimya. Hata pumzi niliizuia."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu wawili watatu wakafuta machozi.

Ndipo mwenyekiti wa majaji alipowakaribisha wageni watazame video ya tukio, ile ambayo kanuni zinadai iwe ushahidi kwamba picha haikutungwa. Bwana Picha aliirekodi kwa simu aliyoibana dirishani. Mtu wa picha zisizosema, sauti haikumpitia akilini hata kidogo. Majaji nao waliitazama ofisini kwa haraka, sauti imezimwa. Fundi mitambo wa ukumbi, mtu anayeipenda kazi yake, akaifungua sauti yote.

"Kaka, mfukuze! Kaka, wanaliwa!" Kikafuata kishindo cha mtu kuanguka, kisha kilio. Na karibu kabisa na simu, sauti laini, ile anayowabembelezea maharusi: "Safi. Geuka kidogo. Inua kichwa, bwana. Hapo hapo, usimeze kwanza."

Mama alimgeukia binti yake.

"Anayelia ni wewe?"

Dada akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikakugombeza wewe," mama alisema, akainama kumwokotea magongo. Wakatoka polepole, katikati ya viti, bila kutazama jukwaani. Hakuna aliyethubutu kuizima video. Kwenye spika Bwana Picha alikuwa bado anamshukuru kunguru: "Asante sana, bwana. Tumemaliza."