Kamati ya Mazishi ya Mzee Elihuruma

Mzee Elihuruma alilazwa Jumatano, na kufikia Ijumaa kanisa zima lilikuwa limeshamzika. Ukiwauliza akina mama wa kanisa lile la Kiswahili la mjini Saint Paul, ughaibuni, kosa lilikuwa la nani, watakuambia la Kerubo.

Kerubo alikuwa muuguzi wa wodi aliyolazwa mzee, na mzee alikuwa kiongozi wa sauti ya besi kwenye kwaya. Alipomwona Kerubo akiingia na dawa, mzee alijifunika shuka hadi kidevuni.

"Shikamoo, Mzee." Kerubo ni Mkisii, lakini kwa Mtanzania huyu alijifunza shikamoo mapema, maana bila hiyo hupati kwake hata jibu la saa ngapi.

"Marahaba, mwanangu. Faili langu umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Basi yaishie humo humo. Mke wangu kule Moshi anajua ni tumbo. Na wewe ujue ni tumbo."

Halikuwa tumbo. Ilikuwa bawasiri, ilikatwa, damu ikavuja kidogo, daktari akaamua abaki hadi mwisho wa wiki. Ugonjwa wa kawaida kabisa, lakini mwanamume aliyesimama mbele ya waumini miaka nenda rudi, amevaa joho, hataki watu wayafikirie makalio yake. Kerubo aliahidi. Hata asingeahidi, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na muuguzi anayeitoa anaichezea leseni yake.

Jioni ikaingia simu ya Goretti, Mama Ian, mwenyekiti wa akina mama, mtu ambaye jambo halilali kwake. Solomon wa kwaya ndiye aliyempeleka mzee hospitali, kwa hiyo habari ya kulazwa ilikuwa imeshaenea.

"Kerubo, tunataka ku-pray, but lazima tu-pray specifically. Mzee ako na nini?"

"Mama Ian, siwezi kusema."

"Ni mbaya hivyo?"

"Sijasema ni mbaya. Siwezi kusema chochote."

"Woi, Yesu! So ni mbaya."

Kwa watu wengine jibu lile lingetosha. Lakini hawa wamekulia kwenye desturi moja: ugonjwa mdogo hutangazwa, ugonjwa wa kuua hufichwa. Malaria hutajwa, jino hutajwa. Kinachonyamaziwa ni kile cha kukupeleka kaburini. Kwa hiyo kadiri Kerubo alivyonyamaza, ndivyo mzee alivyozidi kufa.

Ijumaa kundi la WhatsApp likabadilishwa jina, likawa Kamati ya Mazishi. Griffins, aliyewahi kushughulikia misiba mingi ya kusafirisha maiti, akapewa uongozi. Mtu akaweka picha ya mzee enzi za ujana wake, na chini yake mishumaa.

Kerubo aliiona picha ile wakati wa chakula cha mchana, akaliacha tonge. Akaenda moja kwa moja kwa mzee.

"Mzee, niruhusu niwaambie kwamba hufi. Hilo tu."

"Ukiwaambia sifi, watauliza sasa ana nini. Nawajua hawa. Hapana."

"Wanakuandalia mazishi!"

"Waache waandae. Watanikuta hai."

Kerubo alitoka na hasira za kumpasua mtu. Neno moja tu lingemwokoa, na neno lenyewe halikuwa lake. Alilipenda kanisa lile. Ndilo lililompokea akiwa hana hata koti la baridi. Sasa, tangu alipokataa kusema, Goretti alikuwa anasoma jumbe zake bila kujibu, na hilo lilimuuma sana.

Jumamosi wakaja wote, na chupa za chai na chapati zilizofungwa kwenye taulo. Kule mapokezi walipoulizwa uhusiano wao na mgonjwa, kila mmoja alisema mzee ni baba yake, hata Griffins aliyemzidi umri. Kerubo akawasimamisha mlangoni, akaingia kwanza kuomba ruhusa ya mgonjwa.

"Waingie," mzee akasema, akafumba macho ili asihojiwe.

Goretti akaangua kilio. Griffins akaomba mtumishi apokelewe vizuri mbinguni, kisha akaanza kumsifu: sauti yake, unyenyekevu wake, jinsi madirisha yalivyotetemeka akiimba. Mzee, macho bado yamefumbwa, akaanza kutabasamu.

"Na pengo lake," Griffins akamalizia, "ndugu Solomon amekubali kuliziba. Kesho ataongoza besi."

Mzee aliketi ghafla, akapiga yowe, maana kuketi ndiko alikokatazwa.

"Solomon? Anayeimba kama friji bovu? Mimi sifi! Nina bawasiri!"

Griffins ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikaenda korido nzima. Goretti hakucheka. Alimgeukia Kerubo mbele ya wote.

"Ulijua? Nimelia, nime-cancel shift, na wewe ulikuwa unajua tu?"

"Nilijua."

"Kweli wewe una roho ya chuma."

Jumapili Kerubo alikaa benchi la nyuma, na akina mama wakapita bila kumsalimu. Baada ya ibada alikuwa garini akisubiri barafu ya kioo cha mbele iyeyuke, mlango wa pili ukafunguliwa. Goretti akaingia, akaufunga. Kerubo akajiandaa kugombezwa upya.

Goretti alitazama nje kwanza, kisha akaweka mkono chini ya kwapa la kushoto.

"Kuna kitu hapa. Kigumu, kama punje ya maharagwe. Baba Ian hajui. Hakuna mtu anajua." Akatazama nje tena. "Hawa watu wa kanisa nikiwaambia, kesho wananizika. Nimeona ni wewe tu."

Hasira zote zikamtoka Kerubo. Akazima redio, akaushika mkono wake.

"Umekiona lini, Mama Ian?" akauliza taratibu.