Karatasi Iliyokunjwa Mara Saba

Jana nililala na wasiwasi wa kikao cha asubuhi, na ndotoni nikakuta kiti cha ofisini kinaniuliza umri.

"Thelathini na nne," nikakijibu. Mimi ni Nakiete, mkalimani wa mradi wa maji wa kwetu Same. Saa tatu timu mbili za wahandisi, ya Korea na ya Denmark, zilitakiwa zisaini mchoro kwa pamoja, la sivyo kila moja ifungashe virago. Mama yangu bado anachota maji korongoni, kwa hiyo sikuwa na utani.

"Basi kaa mwisho kabisa," kiti kikasema. "Wakubwa kwanza."

Ghafla tumo kikaoni. Kwa Wakorea mkubwa ni mkubwa kweli: Bwana Seo, kiongozi wao, kichwa chake kinagusa feni, na vijana wake wanamfikia magotini. Bi Ingrid, mkuu wa timu ya Denmark, hajali urefu wa mtu. Kwao maneno husemwa yakiwa yamenyooka, na ya kwake yanatoka mdomoni yakiwa nondo za chuma.

"Mchoro wako una kosa, tangi lihamie mashariki," anasema. Nondo inamdunga Bwana Seo kifuani, mbele ya vijana wake wote.

Bwana Seo hatikisiki. "Tutaliangalia," anajibu, na jibu linatoka likiwa karatasi iliyokunjwa mara saba. Ingrid anasoma juu tu, anaona "ndiyo", anaitia mkobani.

Mimi ni mdaku tangu utotoni. Naichomoa, naikunjua yote. Ndani kabisa imeandikwa: "Hapana. Udongo wa mashariki ni laini, tangi litazama. Nitasemaje mbele ya watu?"

Wiki tatu za kununiana, na jibu lilikuwa humu!

Nafungua mlango nimkimbilie Ingrid, natokea kwenye mgahawa wa Kikorea. Nyama inachomwa katikati ya meza. Ingrid ameketi mbele ya Bwana Seo, anajimiminia chai ya shayiri, na chai inarudi kwenye birika.

"Huku mtu hajimiminii," glasi inamwambia. "Mmiminie mwenzako, naye atakumiminia."

"Kwa nini?"

"Mimi ni glasi tu, mama."

"Mikono miwili, Bi Ingrid!" napaza sauti. "Kama unampa mkwe!"

Anamimina kwa mikono miwili. Bwana Seo anapungua, anapungua, mpaka wanatazamana usawa. Naye anammiminia. Kisha anamwinamia na kumnong'oneza.

"Asante kwa kuniambia," Ingrid anasema, polepole. Furaha inanizidi, napiga vigelegele mgahawa mzima.

Vigelegele vyangu mwenyewe viliniamsha. Simuni kulikuwa na ujumbe wa Ingrid, umeingia dakika tano zilizopita.

"Nakiete, njoo mapema. Kabla ya kikao nataka kuzungumza na Bwana Seo, sisi wawili tu, nimuulize habari za udongo. Halafu niambie: mimi sili nyama, sasa mbona nywele zangu zinanuka nyama choma?"