Simu Juu ya Meza ya Ndambuki

...na si kwamba Swabra hamsikilizi Ndambuki, anamsikiliza, lakini yule mama wa kwenye simu anasikika zaidi, sauti nyembamba inayotoka kwenye simu iliyolazwa chali juu ya meza, spika wazi, huku Ndambuki mwenyewe akikoroga chai na kumweleza anachotaka, "Dada, hawa watu niliowauzia ploti wananimaliza na simu, nataka hiyo mashine yako iwajibu, iwe na sauti ya mtu, mwanamke mpole hivi," kisha anaiinamia simu, anamwita yule mama kwa Kikamba, "Ndio, mwaitu, nakuskia," na kurudi kwenye chai yake, na hamsikii, kijiko kinagonga kikombe, mama anaeleza kwamba alienda Matuu kuona ploti yake akakuta mtu mwingine amepanda mahindi... tena yamefika magotini, anasema, na Swabra anayaona, yamenawiri palepale mama alipotaka kujenga, na anajiuliza mashine ingemjibu nini, maana yeye ndiye angeifundisha, angeketi kwenye chumba chao juu ya duka la vitambaa hapa Machakos mjini na kuchagua maneno, pole sana mama, jambo lako linashughulikiwa, na mashine ingeyasema asubuhi na jioni bila kuchoka, kwa upole ambao hata yeye hana... wewe unafikiria sana, angesema Zaki, kaka yake na mshirika wake katika kazi hii ya kuwatengenezea watu mashine za akili mnemba, asubuhi alimwambia akifunga viatu, "Mteja ni mteja, Swabra, fundi wa milango haulizi nani ataingia," wakacheka wote wawili, kwa kuwa ni kweli, fundi haulizi, ila huu si mlango, huu ni ukuta uliochorwa mlango... na Kavutha je, yule wa Katangi mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye Zaki anamwita mteja mdogo, naye pia alitaka mashine ya kujibu, wafugaji humwandikia kuku wakianza kusinzia, akasema ijibu yale ya kawaida, chanjo gani, kipimo gani, "lakini ikiona mtu amechanganyikiwa, iniamshe," na Swabra akadhani hakusikia vizuri, hata usiku wa manane? na Kavutha akamshangaa, "Sasa kuku atangoja asubuhi?"... iniamshe, alisema, na hawa wawili wanataka kitu kilekile ukisikiliza juujuu, mashine ya kujibu wateja, kumbe mmoja anataka watu wamfikie na mwingine anataka wasimfikie kamwe, ni hilo tu, na yeye miezi yote hii amekuwa akiwapima wateja kwa viti vya ofisini na jina ukutani... "Inawezekana, dada?" inawezekana, mbona isiwezekane, tena ni kazi nyepesi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo... "Haloo? Kuna mtu?" mama anauliza, na Ndambuki hata haangalii simu, "Niko hapa, mwaitu, endelea tu," na mama, maskini, anashukuru, asante mwanangu, anaanza tena toka mwanzo, siku ile nilienda Matuu, na kijiko kinaendelea kuzunguka, na Swabra, aliyeamka leo akihofia kazi hii isimponyoke, anaitafuta ile hofu haioni, imekwenda wapi, hajui, anajua tu kwamba atasema hapana, kwa adabu, bila hotuba, na Zaki atanuna, anune, akimaliza kununa watakwenda Katangi, lakini kwanza, Ndambuki akinyamaza hata kwa funda moja la chai, atamwomba hiyo simu, amuulize mama jina lake.