Matanga ya Sista Yuliana

"Sista wa Newala kakanyaga bomu." Maneno hayo niliyapata bombani, ndoo yangu ikiwa bado nyuma kabisa kwenye foleni, na tangu hapo hayakunitoka. Nikitwanga yapo, nikisali yapo. Nawaandikia wazazi wenzangu ili yasiwakute yaliyonikuta mimi.

Mwanangu Yuliana ni sista. Malezi ya usista aliyapata Ndanda, na vita vya Msumbiji vilipokwisha, shirika lake likamtuma ng'ambo ya Ruvuma, kwenye kijiji ambacho watu wake walikuwa ndio kwanza wanarudi kutoka porini. Ile ingekuwa Krismasi yake ya kwanza nje ya nchi.

Aliyeleta neno ni Mrisho, muuza mitumba. Tangu serikali ifungulie biashara, vijana hawa wananunua marobota Masasi, wanapita hapa Newala, wanashuka bondeni na kuvuka nayo mto. Nguo zinavuka kwenda, maneno yanavuka kurudi.

Kaka yangu Alfredi hakungoja. Yeye ndiye mjomba wa Yuliana, na mjomba kwetu akisema amesema. Akatandika mikeka uani, akaagiza mchele, akanyoa kichwa chote kikabaki kinang'aa.

"Dada, kaa mkekani. Watu wanakuja kutoa pole."

"Mwili uko wapi?"

"Bomu haliachi mwili."

"Basi na mimi sikai."

Jirani yangu Adija, mama Shamila, ni Mwislamu lakini kwa Yuliana ni mama kama mimi, alikwenda sokoni akamkamata Mrisho shati.

"Wewe! Ulimwona sista amelala chini?"

"Sikumwona, Mama Shamila. Nimeambiwa na mwenye mtumbwi, naye kaambiwa."

"Mdomo wako umemfikisha mwanetu kaburini. Sasa miguu yako imfikishe mama yake huko huko."

"Lakini nina mzigo..."

"Mzigo nitakuvisha hapa hapa, gauni moja juu ya lingine!"

Soko zima likacheka. Hata mimi nilicheka, machozi yakiwa bado shavuni.

Tukashuka mteremko, mimi na Mrisho. Njiani niliapa: nikimkuta hai, narudi naye. Ile shela ya usista nitamvua kwa mkono wangu. Akasali Newala kama watu wengine, Mungu ni huyo huyo.

Mto ulikuwa haujajaa, mtumbwi ukatuvusha salama. Ng'ambo wanasema Chimakonde kama sisi, ila wakianza kuhesabu wanahesabu Kireno, unabaki unatazama midomo. Tulilala kwa wenyeji, na asubuhi ya Krismasi tukakikaribia kijiji. Nikasikia ngoma na vigelegele. Kanisa lilikuwa kuta tupu, paa liliondoka na vita. Watu walikuwa wanaingia mmoja nyuma ya mwingine kwenye kinjia chembamba, kama siafu, na mlangoni amesimama sista wa gauni jeupe. Yuliana! Hai, tena kanenepa.

Nilitupa kapu, nikaacha njia, nikakatisha majanini nakimbia. "Yuliana! Mwanangu!"

Ngoma ikakatika.

"Mama, simama!"

Si shikamoo, si chochote. Sauti ile sikuwahi kuisikia kwa mwanangu. Ilikuwa sauti ya kuamuru watu wazima. Nikaganda.

"Usiende mbele. Geuka taratibu. Rudi pale pale ulipokanyaga, fuata majani yaliyolala. Taratibu, mama."

Nikarudi, naweka unyayo juu ya unyayo, jasho linanitiririka mgongoni. Nilipofika njiani ndipo alipokuja kunikumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamesema umekufa!"

"Aliyekufa ni mbuzi wetu wa Krismasi. Alikata kamba, akaingia humo humo ulimoingia wewe, akakanyaga bomu."

"Kumbe mbuzi wa sista!" Mrisho akashika kichwa.

Mama mmoja wa pale akasema, "Na sista alimlilia kweli. Alikuwa mnono yule!"

Kicheko kikapasuka, ngoma ikarudi juu.

Padre ana vigango vingi, siku ile alikuwa kwingine, kwa hiyo ibada aliiongoza Yuliana. Alisoma Injili kwa Chimakonde, na wale watu walioimba miaka yote porini kwa kunong'ona, siku ile waliimba mpaka nikadhani kuta zitafuata paa. Baada ya ibada akina mama wakawa wananionyesha watoto wao. "Huyu naye alimwambia simama. Na huyu. Na huyu pacha wake." Nami nilikuja kuichukua sauti hiyo niondoke nayo.

Tukala ubwada, ule ugali wa muhogo, na maharage, mbuzi hayupo. Yuliana akanitazama usoni. Mtoto humfichi kitu.

"Mama, umekuja kunichukua?"

"Nilikuja kukuchukua. Sasa nani atawaambia hawa wasimame?"

Shela yake ilikuwa imelegea. Nikaifunga vizuri kwa mkono wangu.

Adija ndiye aliyetuona wa kwanza, mimi na Mrisho, tukipanda mteremko kurudi. Nilipompigia kelele kuwa mwanetu yu hai, alipiga vigelegele mpaka watu wakaacha ndoo bombani. Uani nilimkuta Alfredi bado yuko mkekani, kichwa kinawaka jua.

"Kaka, inuka. Marehemu anakusalimu."

Mchele wa matanga tukaupika pilau ya Krismasi iliyochelewa, Adija mwenyewe akashika mwiko, na mikeka ya msiba ikachezewa ngoma. Alfredi alivaa kofia mpaka nywele zikaota. Hadi leo wanamwita Mfiwa wa Mbuzi, na yeye anaitika.

Basi, mzazi mwenzangu, epuka haya:

Usipokee habari ya kifo kwa mtu ambaye hakuona.
Usitandike mkeka wala kunyoa kabla hujajua.
Usiape kumtoa mtoto kwenye kazi ya Mungu kwa sababu wewe una hofu.
Ukienda nchi iliyotoka vitani, usiache njia inayopitwa na watu, hata kama mwanao unamwona mbele yako.
Usikimbie.
Na mbuzi wa sikukuu usimfunge kamba mbovu.